Kijana Asiye na Makao Asihukumiwe kwa Umaskini Wake

Miaka mingi imepita tangu nilipokuwa nikifundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi. Katika darasa lile alikuwamo mvulana mmoja hodari sana wa hesabu. Jumatatu moja hakuja shuleni. Jumanne hakuja tena. Ulipofika mwisho wa mwezi, mstari wa jina lake katika rejesta ulikuwa umejaa alama za kutohudhuria, nami, kama taratibu zilivyotaka, nikaandika neno moja pembeni: mtoro. Nikaifunga rejesta, nikaipeleka kwa mwalimu mkuu, nikaona kazi yangu imekwisha.

Nilikutana naye tena baada ya miaka minane hivi katika stendi ya mabasi, akibeba mizigo ya abiria. Yeye ndiye aliyenitambua. "Shikamoo mwalimu," alisema, akauchukua mzigo wangu na kukataa ujira. Tulipokuwa tukingojea basi alinieleza kwamba mama yake alifariki mwezi ule ule alioacha shule. Ndugu wa marehemu waligawana vyombo, chumba cha kupanga kikarudishwa kwa mwenye nyumba, na hakuna aliyeuliza mtoto atalala wapi. Alilala sokoni, kisha akahamia stendi. Alikuwa amekwisha kukamatwa usiku mara mbili, na mara zote mbili kosa lake lilikuwa uzururaji.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatafakari majina matatu tunayompa mtoto mmoja. Mwalimu humwandika mtoro. Polisi humwandika mzururaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwita mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Majina yote matatu yamo katika maandishi ya Serikali, na yote huandikwa na watumishi wa umma kama mimi na wewe, ndugu msomaji. Yafaa tujiulize kwa nini jina la tatu, ambalo ndilo la haki, huwa la mwisho kukumbukwa. Na kwa nini kijana akitimiza miaka 18 hunyang'anywa hata hilo.

SHERIA TULIYOIRITHI

Uzururaji kama kosa la mahakamani haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwaadhibu ombaomba na watu wasio na makao, ambao miongoni mwao walikuwamo askari walioachishwa kazi baada ya vita vya Napoleon. Mkoloni Mwingereza alipoitawala Tanganyika, fikra hiyo hiyo iliingizwa katika Kanuni ya Adhabu, katika vifungu ambavyo wanasheria wetu wamevizoea kwa namba 176 na 177. Ili mtu awe mkosaji chini ya vifungu hivyo si lazima awe ameiba, amepiga mtu wala ameharibu mali. Yatosha awe na nguvu za mwili lakini hana kazi ya uzalishaji wala njia inayoonekana ya kujipatia riziki. Au akutwe akizunguka barabarani au karibu na majengo katika saa na hali inayomfanya ashukiwe.

Mkoloni alikuwa na sababu zake. Alimtaka Mwafrika mjini akiwa kibarua, na kazi ikiisha arejee kwao. Ndiyo maana ilikuwapo pia sheria ya kuwaondoa katika miji watu walioitwa wasiotakiwa. Kwa mtawala wa namna ile, mtu mweusi asiye na mwajiri hakuwa na haki ya kuonekana mjini baada ya jua kuchwa.

Ni lazima tukiri kwamba nasi baada ya Uhuru hatukuiacha njia hiyo kabisa. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilikuwa na shabaha njema, yaani kila mwenye uwezo afanye kazi katika wakati ambao nchi ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Lakini katika utekelezaji wake watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam, wakapakiwa katika malori na kupelekwa vijijini na katika mashamba makubwa, na miongoni mwao wakawamo wachuuzi wadogo waliokuwa wakila jasho lao wenyewe. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Lori liliweza kumwondoa mtu mjini. Halikuweza kuondoa kilichomleta.

Mwaka uliofuata, 1984, haki za msingi za raia ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 22 inaeleza haki ya kufanya kazi, na ibara ya 25 inaeleza wajibu wa kufanya kazi. Ibara hizo mbili ni kama miguu miwili ya mtu mmoja. Tunapomkamata kijana kwa kushindwa kuutimiza wajibu wa ibara ya 25, hali hatujauliza alipata nini katika haki ya ibara ya 22, tunamtaka atembee kwa mguu mmoja.

BUNGE LILIFANYA JAMBO JEMA

Hapana budi kutoa sifa inapostahili. Bunge lilipopitisha Sheria ya Mtoto, Sheria Na. 21 ya mwaka 2009, lilikusanya mahali pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika katika sheria kadhaa za zamani. Kwa sheria hiyo, mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Mtoto anayetangatanga bila makao, au anayeombaomba, anatambuliwa kuwa anahitaji matunzo na ulinzi. Serikali za mitaa zimepewa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika maeneo yao, na kila mwananchi anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa anao wajibu wa kutoa taarifa. Mahakama ya Watoto imewekwa, na ni marufuku kumhukumu mtoto kifungo cha jela. Zanzibar nayo ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2011.

Hatua nyingine zilifuata. Kuanzia Januari 2016 elimu ilitolewa bila ada tangu shule ya msingi hadi kidato cha nne. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mwaka 2021 wasichana waliokatizwa masomo kwa sababu ya mimba waliruhusiwa kurudi shuleni. Ada, ndoa za utotoni na kufukuzwa shule ni baadhi ya milango ambayo watoto hupitia kwenda mitaani, na kila mlango unaofungwa ni ushindi.

Hata hivyo, mti hauendi ila kwa nyenzo. Halmashauri imepewa wajibu, lakini Afisa Ustawi wa Jamii wake huangalia kata nyingi bila usafiri wa uhakika, na fungu lake katika bajeti huwa la kwanza kupunguzwa mapato yakipungua. Polisi anayemkuta mtoto usiku stendi anao ufunguo wa mahabusu mfukoni; mara nyingi hana namba ya simu ya Afisa Ustawi wa Jamii, wala hana nyumba ya kumpeleka mtoto hadi asubuhi. Katika hali hiyo, sheria ya zamani hutumika kwa sababu ndiyo nyepesi, wala si kwa sababu ndiyo bora.

USIKU MMOJA WAMGEUZA

Tatizo lililo kubwa zaidi linamngoja kijana siku anayotimiza miaka 18. Jioni ya jana yake alikuwa mtoto anayehitaji ulinzi. Asubuhi anaamka mtu mzima, juu ya boksi lile lile, mbele ya duka lile lile, na sheria inayomkabili ni Kanuni ya Adhabu. Hakuna kilichobadilika katika maisha yake isipokuwa tarehe. Mwenzake aliyelelewa katika makao ya watoto naye hufika siku hiyo akiwa na begi la nguo na wosia wa kuwa mwema. Mtoto wa kwangu au wa kwako, msomaji, akitimiza miaka 18 bado anakula mezani petu, na pengine ataendelea kula hapo hadi afike miaka 25, wala hatumwiti mzururaji.

Kijana huyo akitaka kujitegemea, anakutana na ukuta wa karatasi. Ili asajili laini ya simu anatakiwa awe na namba ya kitambulisho cha Taifa. Ili apate kitambulisho anaulizwa cheti cha kuzaliwa au cha shule, pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Lakini mwenyekiti wa mtaa atamwandikiaje barua mtu asiye na mtaa? Mwaka 2018 Bunge liliweka sharti kisheria kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Jambo hilo ni jema mno; lakini mkopo hupewa kikundi kilichosajiliwa, cha watu wanaojulikana wanakoishi. Kijana wa stendi anabaki nje akiutazama msaada kwa dirishani.

Majirani zetu wamekwisha kuanza kuitazama upya sheria hii. Kenya iliifuta Sheria yake ya Uzururaji mwaka 1997. Mahakama Kuu ya Malawi mwaka 2017, na Mahakama ya Katiba ya Uganda mwaka 2022, zilitengua vifungu vya uzururaji walivyorithi kama sisi. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hii haziafikiani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wala na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na kwamba mataifa yanapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Bunge la Uingereza lenyewe lilipitisha mwaka 2022 kifungu cha kuifuta ile sheria ya 1824. Mwenye mkeka ameamua kuukunja. Sisi tuliouazima twaukalia kwa faida ya nani?

WASEMAO KWAMBA MJI UTACHAFUKA

Wapo watu wema wanaosema kwamba vifungu hivi vikiondolewa, wezi watajaa mitaani. Hoja hiyo inastahili jibu. Wizi una kifungu chake, unyang'anyi una chake, na kuvunja nyumba kuna chake. Hakuna hata kimoja kitakachoguswa. Mtu mzima anayemtuma mtoto kuomba ili yeye ale, huyo aendelee kushitakiwa bila huruma, kwa maana ni mnyonyaji. Tunachosema ni kwamba kulala nje kwa kukosa pa kulala kusihesabiwe kuwa jinai.

Wapo pia wanaosema kwamba Serikali haina fedha za kuwahudumia vijana wote hawa. Lakini mahabusu nayo ni gharama. Kijana aliyekamatwa hulishwa, hulindwa, husafirishwa mahakamani, huchukua nafasi ya hakimu na ya mwendesha mashitaka, kisha huachiliwa arudi kwenye boksi lake akiwa amejifunza mengi kutoka kwa wahalifu halisi. Fedha hizo tunazitumia tayari. Swali ni kama tuendelee kuzitumia kumharibu.

Kwa hiyo ni maoni yetu kwamba Bunge lifanye mambo matatu. Kwanza, liondoe katika Kanuni ya Adhabu maneno yote yanayomwadhibu mtu kwa kukosa kazi, riziki au makao. Pili, liziwekee halmashauri wajibu wa kisheria wa kumsindikiza kijana atokaye katika makao ya watoto au mitaani hadi afike miaka 21 angalau, kwa kumpatia mahali pa kulala, nafasi katika chuo cha ufundi stadi na mtu mmoja anayejulikana wa kumfuatilia, na wajibu huo uwe na fungu lake katika bajeti. Tatu, Afisa Ustawi wa Jamii apewe mamlaka ya kumwandikia kijana wa namna hiyo barua ya utambulisho itakayokubaliwa badala ya ile ya mtaa.

Lakini tusikae tukiwangojea Wabunge. Polisi wa zamu anaweza leo kuandika namba ya Afisa Ustawi wa Jamii ukutani mwa kituo, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Mtendaji wa kata anaweza kuuliza, kila anaposikia msiba, watoto wa marehemu wamebaki na nani. Na sisi walimu tunaweza kufuatilia kabla ya kuandika. Nyumba ya mwanafunzi wangu ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka shuleni. Ningekwenda Jumatano ile, ningewakuta ndugu bado wamekaa matangani, na pengine aibu tu ya kumwona mwalimu mlangoni ingemfanya mmoja wao amchukue mtoto.

Sikwenda. Niliandika mtoro, na kwa mwandiko mzuri kabisa.