Jeni Zilizofungamana: Tuulize Kwanza Nani Alikuja na Nani

Miongoni mwa maswali ya elimu ya urithi, lile la jeni zilizofungamana lina ajabu yake: mara nyingi anayeanguka ni mwanafunzi hodari. Mwanafunzi dhaifu huacha nafasi tupu. Hodari hujaza ukurasa mzima kwa hesabu nadhifu, kisha huandika jibu ambalo maumbile hayaliruhusu kamwe. Mimi nasema kosa hilo si lake. Ni letu sisi tunaompa kanuni kabla ya kumwonyesha kitu chenyewe.

Na kitu chenyewe si kigeni kwetu; ni gunzi la mahindi. Kila punje ni mtoto mmoja, na gunzi moja huweza kubeba mamia ya ndugu wa mama mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, huko Marekani, mtaalamu aitwaye Hutchinson alichunguza jeni mbili za punje hizo. Moja huipa punje rangi, na nyingine huifanya ijae. Kila moja ina mwenzake fifi: wa kukosa rangi na wa kusinyaa. Alichukua mmea chotara, uliopokea rangi pamoja na kujaa kutoka kwa mzazi mmoja, na kukosa rangi pamoja na kusinyaa kutoka kwa mzazi wa pili. Akaupandanisha na mmea wenye jeni fifi tupu. Huu ndio upandanishaji wa kupima, na hekima yake ni kwamba yule mzazi fifi hawezi kufunika lolote. Kilichomo katika seli za uzazi za chotara huonekana wazi juu ya punje.

Hutchinson alihesabu punje 4,032 zenye rangi na zilizojaa. 4,035 zisizo na rangi na zilizosinyaa. 149 zenye rangi lakini zimesinyaa. Na 152 zisizo na rangi lakini zimejaa. Jumla 8,368. Kama jeni hizo zingekuwa huru, kila fungu lingekuwa na punje kama 2,092. Kumbe hazikuwa huru: zimekaa jirani katika kromosomu moja, nazo husafiri pamoja, isipokuwa pale kromosomu mbili zinapobadilishana vipande wakati wa kufanyika kwa seli za uzazi. Punje za mchanganyiko mpya ni 149 na 152, yaani 301, ambazo ni asilimia 3.6 ya zote. Kwa hiyo tunasema umbali kati ya jeni hizo ni vizio 3.6 vya ramani.

Hapo ndipo masomo mengi huishia, na hapo ndipo mtego hutegwa. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba punje za mchanganyiko mpya ni zile zenye sifa moja tawala na moja fifi, basi. Lakini Hutchinson alifanya jaribio la pili. Safari hii chotara alipokea rangi pamoja na kusinyaa kwa mzazi mmoja, na kukosa rangi pamoja na kujaa kwa mwingine. Katika punje 43,785, zenye rangi zilizosinyaa zilikuwa 21,379. Zisizo na rangi zilizojaa 21,096. Zenye rangi zilizojaa 638. Zisizo na rangi zilizosinyaa 672. Yule aliyekariri atajumlisha mafungu mawili ya kwanza na kutangaza asilimia 97.

Jibu hilo haliwezekani. Kromosomu zinapobadilishana vipande, kila moja imekwisha kujigawa nyuzi mbili, na kila badilishano hugusa nyuzi mbili tu kati ya nne. Hata kama badilishano moja lingetokea katika kila seli, nusu ya seli za uzazi zingebaki na mpango wa wazazi. Mabadilishano yakiongezeka, wastani haupiti nusu. Kwa hiyo asilimia yoyote inayozidi 50 ni ishara kwamba mtu amewachukua watoto wa mpango wa zamani akawaita wapya. Punje mpya hapa ni 638 na 672, yaani 1,310, na umbali ni kama vizio 3. Jeni ni zile zile, jirani zile zile. Kilichobadilika ni nani alikuja na nani.

Napendekeza basi kwamba swali la kwanza darasani lisiwe "kanuni ni ipi?" bali "mafungu gani mawili ni makubwa kuliko mengine?" Hayo ndiyo ya wazazi, bila kujali sura zao. Na watunga mitihani wayaweke majaribio yote mawili katika swali moja. Walimu wenzangu watasema muda hautoshi. Ni kweli haupo mwingi. Lakini kipindi kimoja cha kuhesabu ni nafuu kuliko vipindi vitatu vya kusahihisha kosa lile lile.

Wala jambo hili si la chumba cha mtihani pekee. Fikiria mtafiti mwenye mmea wa mahindi ambamo jeni ya kukinza ugonjwa imefungamana na jeni ya sifa mbaya, kwa umbali wa vizio 3.6. Anataka kinga bila ile sifa mbaya. Katika upandanishaji wa kupima, watoto wa aina hiyo ni nusu tu ya 3.6, yaani asilimia 1.8. Ili awe na hakika ya asilimia 95 ya kupata angalau mmoja, yampasa apande mimea ipatayo 165. Akipanda 50, ipo hatari ya asilimia 40 kwamba hatamwona hata mmoja, na huenda akaandika katika daftari lake kwamba kinga na kasoro hiyo ni kitu kimoja kisichotengana.