Mwenye Daftari Ndiye Aulizwe

Tarehe 13 Februari 1960 Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza la atomiki huko Reggane, katika jangwa la Sahara. Hadi mwaka 1966 walikuwa wamekwisha kulipua mabomu 17 katika ardhi ya Algeria, mengine baada ya nchi hiyo kujitawala. Walisema jangwa ni tupu. Tupu kwa nani? Watu walikuwamo, na ngamia wao, na visima vyao.

Tarehe 1 Mei 1962, huko In Ekker, bomu lililolipuliwa ndani ya mlima lilitoboa njia na wingu la sumu likatoka nje. Mawaziri wawili wa Ufaransa waliokuja kutazama walitimua mbio. Mmoja wao, Gaston Palewski, alifariki mwaka 1984 kwa saratani ya damu, mwenyewe akiamini kuwa aliipata siku ile. Neno lake limeandikwa vitabuni.

Mchunga ngamia akisema neno lilo hilo, hudaiwa vyeti. Sheria ya fidia ya mwaka 2010 yamtaka aonyeshe alikuwa wapi na lini, na ugonjwa wake uwemo katika orodha. Waalgeria waliolipwa ni wachache mno. Na daftari za vipimo? Nyingi zilifungiwa kuwa siri ya jeshi.

Hapa kwetu Uru mkulima apelekapo kahawa chamani, uzito huulizwa mwenye mizani na daftari. Mkulima hatakiwi kuukisia. Basi Ufaransa na itoe kwanza daftari zote, pamoja na ramani za vyuma vilivyofukiwa mchangani, ndipo mgonjwa ahojiwe.