Kama Hujaitazama Nguo, Usiichoree Zigizaga

Nianze kwa kukiri. Mwaka jana niliwavalisha wanawake 40 nguo ambayo haijawahi kuvaliwa na mtu yeyote duniani, na nikalipwa.

Wanawake wenyewe walikuwa na urefu wa sentimita tano na kitu. Vijisanamu. Duka moja la zawadi Nairobi liliagiza "wanawake wa Kiafrika", wengine na mitungi kichwani, wengine na watoto mgongoni. Nikauliza ni wanawake wa wapi, ili nijue niwavalishe nini. Jibu likaja kwa WhatsApp: "Weka tu zigizaga za rangi rangi. Ni vitu vidogo, nani ataona?" Nikaweka. Njano, nyekundu, nyeusi, kijani. Dakika kumi kila mmoja. Pesa ikaingia, nikalipa nyumba, maisha ikaendelea.

Kabla sijavituma, shangazi yangu alipita kwangu. Shangazi ameuza nguo soko la Busia tangu sijazaliwa. Akachukua kimoja, akakigeuza, akakitazama kwa chini kama anayekagua marinda. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa huyu, hii nguo anaivaa aje? Inafunguka wapi?"

Sikuwa na jibu. Haikuwa inafunguka popote. Haikuwa na shingo, haikuwa na mshono, haikuwa na mahali pa kufungia. Nilikuwa nimepaka mapambo juu ya mwili wa mtu nikayaita nguo.

Kwa hivyo leo niko hapa kupigana na hayo maneno mawili, "nani ataona". Najua wengi wenu mnaoyasoma haya mmeyasikia kwa kazi zenu pia, iwe unashona, unahariri video au unachora logo za watu. Lakini mimi nitaongea kuhusu vijisanamu, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua.

Tuanze na jambo la kiufundi, maana wanaosema "nani ataona" hudhani wanatetea akili ya kawaida. Mtu wa milimita 54 ni kama sehemu moja ya 30 ya mtu wa kweli. Uzi wa nusu milimita ukiupunguza mara 30 unakuwa mwembamba kuliko unywele. Hakuna brashi ya kuuchora. Hapo wako sahihi: uzi wenyewe hauwezi kuonekana. Lakini jicho halitambui nguo kwa kuhesabu nyuzi. Simama stegi ya matatu uangalie mama akiwa mita 20 kutoka kwako. Huoni uzi hata mmoja, na bado unajua kama amevaa pamba, satini au sweta. Unajuaje? Kwa jinsi mwanga unavyokaa juu ya nguo.

Satini inang'aa kwa mistari myembamba, mikali, na kando tu ya mng'ao huo kuna giza. Pamba inapokea mwanga polepole. Sehemu nyeupe ni pana, haina ukingo. Sweta haing'ai, kwa hivyo unaigusa kwa vidoa vidogo vya rangi iliyopauka, ukivijaza zaidi pale juu ya mabega. Jinzi unaipaka buluu nzito, kisha unapitisha vistari vya buluu hafifu vinavyokatana, halafu unapausha magoti na kingo za mifuko, kwa sababu hapo ndipo maisha yanapoisugua. Hii ndiyo siri yote ya kuchora kitambaa kwenye kitu kidogo. Na mwanga hata mtoto anauona.

Ukishaelewa hivyo, unaelewa kwa nini ile zigizaga yangu ilikuwa uongo unaoonekana. Nguo ikivaliwa inakunjika. Ua lililochapwa kwenye kitenge likifika kwenye mkunjo linakatika: nusu inabaki juu, nusu inazama ndani kwenye kivuli, na ile iliyozama lazima iwe ya rangi nzito zaidi. Mstari ulionyooka unapinda kwenye nyonga na kuvunjika kwenye kiwiko. Zigizaga zangu zilipita juu ya mikunjo yote zikiwa zimenyooka na rangi ileile, kama zimechorwa kwa ukuta. Mtu anaweza asijue ni nini kimekosewa, lakini anahisi huyo si mtu aliyevaa. Ni chupa iliyopambwa.

Sasa twende kwa lenye uzito zaidi. Kwani ni kitambaa gani hapa kwetu kisichosema kitu? Leso ina pindo pande zote, mji katikati, na jina chini yake. Ukichora leso bila jina umemziba mwenyewe mdomo. Kitenge cha nta kina vistari kama nyufa, vinavyotokea nta inapovunjika rangi ikapenya, na kina safari ndefu nyuma yake: kampuni ya Vlisco, ambayo bado inachapa vitambaa hivyo pale Helmond, Uholanzi, ilianzishwa mwaka 1846 na baadaye ikaanza kuiga batiki za Indonesia. Hata shuka ya Kimaasai, ambayo kwa vijisanamu vya watalii hupakwa nyekundu tupu, mara nyingi ina miraba ya buluu au nyeusi, na kabla ya nguo za pamba kufika Wamaasai walivaa ngozi.

Halafu kuna gomesi. Ukiishi hapa mpakani huwezi kuikwepa. Shingo yake ni ya mraba. Mabega yamesimama na ncha. Vifungo viwili viko upande wa kushoto. Mshipi mpana unafungwa chini ya kiuno, ncha zake zikining'inia mbele, na ndani kuna kitambaa kingine kinachozuia nguo isishikane na mwili. Jina lenyewe ni la fundi Mgoa, Gomes, na historia yake inaanzia Buganda mwanzoni mwa karne ya 20, shule ya wasichana ya Gayaza. Leo inavaliwa na wanawake Waganda, Wasoga, Wateso, na Waluhya wengi wa upande wetu. Ukimwambia mtu "chora zigizaga tu" umefuta yote hayo: Mgoa, shule, mpaka, na mama aliyejifunga mshipi asubuhi hiyo akienda harusini.

Nasema hivi nikijua maana ya kutazamwa kutoka mbali. Naishi Alupe, barabara ya Busia kwenda Malaba. Ukimtajia mtu wa rika la wazazi wetu jina Alupe, mara nyingi anakumbuka kitu kimoja: ukoma. Hospitali ilikuwepo, na hata kituo cha utafiti cha KEMRI hapa kilibeba jina la ukoma. Siku hizi kuna chuo kikuu, kuna hostel, kuna wanafunzi wanaobishana kuhusu bei ya chipo. Lakini kwa aliye mbali sisi bado ni rangi moja. Mtu wa Alupe anapaswa kuwa wa mwisho kabisa kusema "weka tu kitu cha jumla".

Najua majibu yenu. La kwanza: "Hii kupaka vijisanamu ni kitu ya wazungu." Ni kweli mafunzo mengi ya mtandaoni yanatoka Ulaya na Marekani, na wengi tumejifunzia kwa kanzu za wachawi na makoti ya wanajeshi wa Napoleon. Lakini mwaka 1920, karibu na Luxor, kilifunguliwa chumba kilichofichwa cha kaburi la Meketre, ofisa mkubwa wa Misri ya miaka 4,000 hivi iliyopita. Ndani kulikuwa na karakana ndogo za mbao, mojawapo ya wafumaji, na wanawake wadogo wakisokota uzi na kufuma. Pamoja nao kulikuwa na sanamu kubwa zaidi za wanawake waliobeba makapu kichwani. Mmoja wao, ambaye sasa yuko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ana gauni lililochorwa unyoya kwa unyoya. Mwanamke wa Afrika na mzigo kichwani, sawa kabisa na oda yangu ya Nairobi. Ila yule mchoraji wa mto ule unaotoka Jinja, mwendo wa saa chache tu kutoka kwetu, alikuwa amechora kazi ya kufungiwa kaburini. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kuuliza "nani ataona", ni yeye. Na bado alichora kila unyoya.

Jibu la pili: "Vifaa viko wapi?" Viko Busia. Brashi zangu bora zinatoka duka la vipodozi, ni zile za kuchora kucha. Sahani yangu ya rangi ni kopo la plastiki lenye sponji yenye maji na karatasi ya kuokea juu yake, rangi haikauki jioni nzima. Udongo wa kufinyangia ni epoksi ya mafundi bomba kutoka hardware, unaufinyanga juu ya waya. Rangi ni akriliki za kawaida, unazipunguza kwa maji hadi ziwe kama maziwa na kupaka mara tano badala ya mara moja. Kitu pekee ambacho hakiuzwi ni subira.

Jibu la tatu ndilo gumu, na sitalikwepa: pesa. Mteja akilipa shilingi mia moja kwa kijisanamu, siwezi kukikalia jioni tatu. Nakubali, na simtukani msanii yeyote wa sokoni anayelisha watoto kwa zigizaga. Nimekula za kwangu. Lakini kuna njia ya katikati ambayo hatuitaji kamwe. Kama huna muda, paka rangi moja. Gauni la buluu tupu, kivuli kwenye mikunjo, mwanga juu ya mabega, basi. Inachukua dakika zilezile kumi. Rangi moja ni nguo ambayo watu huvaa kweli. Zigizaga ni nguo iliyobuniwa ili mnunuzi apate kile alichokuja akikiamini, kwamba sisi wote ni kitu kimoja cha rangi rangi. Kufanya haraka si dhambi. Nachopinga ni kudanganya haraka, halafu uiite tamaduni.

Baada ya lile swali lake, shangazi hakuniacha. Alirudi wiki iliyofuata na begi. "Basi nitengenezee mama." Ndani kulikuwa na gomesi ya nyanya yangu, aliyefariki nikiwa darasa la tano. Tuna picha yake moja tu, na uso una ukungu. Satini ya zambarau, maua ya dhahabu. Nikaitundika dirishani, nikaitazama siku mbili kabla sijagusa brashi.

Ilinichukua wiki tatu za jioni. Nilikosea satini mara mbili nikaifuta. Niligundua kwamba mshipi ulikuwa umepauka sehemu moja tu, pale fundo lilipokaa miaka yote. Na vile vifungo viwili havikufanana. Kimoja kilikuwa cha dhahabu. Kingine kilikuwa cheupe, kidogo, chenye matundu manne, kimeshonewa uzi mweusi. Kwa kipimo changu kila kifungo kilikuwa nukta isiyofika nusu milimita. Ile sauti ya WhatsApp ikarudi: paka vyote dhahabu, nani ataona? Nikapaka kimoja dhahabu na kingine cheupe.

Shangazi alipokuja nilimpa bila kusema kitu. Akavaa miwani. Akatazama mabega, akatazama mshipi, akasogea mlangoni kwenye mwanga. Akakaa kimya muda mrefu.

"Hicho cheupe," akasema, "kilikuwa cha shati la baba. Cha kwake kilipotea siku ya mazishi ya mzee, akakata hicho akashona."

Mimi sikuwahi kujua hiyo hadithi. Nilichora tu nilichokiona.

Kwa hivyo ukiulizwa tena nani ataona, jibu lipo. Ataona mwenye nguo. Ataona binti yake. Duka la Nairobi liliniandikia tena mwezi uliopita, wanataka wengine 40, "kama wale wa kwanza". Nimewajibu kwamba naweza kuwatengenezea 40 wa rangi moja kwa bei ileile, au kumi wenye nguo za kweli kwa bei tutakayoongea. Bado hawajajibu. Nyumba bado inalipwa kila mwezi, na sijui nitaongeza wapi.

Wakati nangoja, wewe nenda stegi iliyo karibu nawe. Chagua mtu mmoja, mtazame kwa heshima, usimkodolee macho. Angalia nguo yake inafunguka wapi, imepauka wapi, imeshonwa tena wapi. Halafu ukikuta kijisanamu cha zigizaga dukani, muulize muuzaji lile swali la shangazi: huyu, hii nguo anaivaa aje?