Aendaye Karagita Peke Yake

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ni ya mabaharia, lakini yawafaa pia watu wa bara, ambao chombo chao ni basi na bahari yao ni barabara ya lami. Kwa miaka mingi sasa vijana wa Busia, Siaya, Kakamega na Kisumu wamekuwa wakiwaaga wazazi wao, wakachukua mfuko mmoja, wakashika njia ya Naivasha kutafuta kazi katika mashamba ya maua. Wengi wao husafiri peke yao, na wengi huteremka Karagita, mji wa wafanyakazi ulio kando ya barabara ya kusini ya Ziwa Naivasha. Safari hii si ndogo, nayo yataka fikira kabla ya kuanzwa.

Kijana aondokaye mpakani Busia hupita Ugunja, Yala na Luanda, akavuka mstari wa Ikweta pale Maseno, akaingia Kisumu. Kutoka Kisumu hadi Naivasha ni kadiri ya kilomita 250. Kwanza huona mashamba ya mpunga ya Ahero katika nchi tambarare yenye joto. Kisha basi huanza kupanda, na machoni pake hutandaa majani ya chai ya Kericho, yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Baada ya Londiani hufika Mau Summit, mahali ambapo barabara ya Eldoret huungana na ile ya Kisumu, na hapo huanza mteremko wa Salgaa, ambao umekwisha kuua watu wengi kwa ajali za malori na mabasi. Abiria wenye usingizi huamka hapo bila kuamshwa.

Kisha huja Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Toka hapo njia huwa nyepesi. Ziwa Elementaita huonekana upande wa kulia, na pale Kikopey harufu ya nyama choma huingia madirishani na kumkumbusha msafiri ya kuwa hajala tangu alfajiri. Baada ya Gilgil, Ziwa Naivasha hutokea, na nyuma yake mlima Longonot. Mjini Naivasha huteremka, akapanda matatu ya barabara ya ziwa, na baada ya mwendo mfupi utingo humwambia ya kuwa amefika.

Jambo la kwanza limpatalo mgeni ni baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Kisumu ni kadiri ya mita 1,130 tu. Shuka lililomtosha nyumbani halimtoshi hapa. Jambo la pili ni maji. Maji mengi ya visima vya Naivasha yana madini ya floraidi kupita kiasi, nayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kwa hiyo yampasa kila mtu aulize maji ya kunywa hutoka wapi kabla ya kuyanunua kwa mtungi. Lakini jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mgeni abishapo hodi kutafuta chumba, mwenye nyumba humtazama uso na mfuko, akamwuliza: "Kijana, ni nani akujuaye hapa?" Na asubuhi ya pili, asimamapo langoni mwa shamba pamoja na wenzake watafutao kazi, swali huwa ni lile lile.

Swali hili lina historia. Mwaka 1904 Wamaasai, ambao lugha yao ndiyo iliyolipa ziwa hili jina, maana yake maji yachafukayo kwa upepo, waliondolewa katika sehemu hii ya Bonde la Ufa ili Wazungu wapewe ardhi. Baadaye, kuanzia karibu mwaka 1920, Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, naye alikitia katika kikebe cha chuma na kukivaa shingoni. Bila sahihi ya bwana wake wa zamani hakuweza kwenda kwa bwana mwingine kwa halali. Siku zile mtu aliyesafiri peke yake hakuulizwa ni nani amjuaye, bali aliulizwa ni mtu wa nani. Babu wa kijana wa leo hakuweza kupanda gari Busia na kuteremka Naivasha kwa hiari yake tu. Kwa hiyo safari hii, ijapokuwa ya jasho na vumbi, ni haki iliyopatikana kwa taabu.

Kazi yenyewe ilianza kukua kando ya ziwa tangu miaka ya 1970. Mawaridi hupandwa katika vibanda vikubwa vya plastiki, hukatwa na kutiwa ndooni penye maji, hupangwa kwa urefu wa vikonyo, huwekwa katika chumba cha baridi, kisha hupelekwa kwa lori Nairobi na kwa ndege Ulaya, mengi yakiuzwa Uholanzi. Kazi huzidi kabla ya tarehe 14 Februari, siku ambayo Wazungu hupelekeana maua ya mapenzi. Na sikukuu hiyo ipitapo, vibarua wengi huambiwa hawahitajiwi tena. Zaidi ya hayo, mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga masoko ya Ulaya, mawaridi yalitupwa na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mtu ajengaye maisha juu ya ua yampasa akumbuke ya kuwa ua hunyauka.

Lakini hasara ya kazi si kitu mbele ya ile iliyotokea Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fitina iliwaka katika Bonde la Ufa, na tarehe 27 Januari ikafika Naivasha. Watu waliuawa, na wengine waliteketezwa ndani ya nyumba walimokimbilia, watoto pamoja nao. Maelfu ya watu waliotoka magharibi, waliokuwa wakifanya kazi katika maua na kupanga vyumba Karagita na mitaa mingine, walikimbilia kituo cha polisi wakiwa na nguo walizovaa. Katika siku zile swali la "ni nani akujuaye" liligeuka likawa la kutisha, kwa maana jirani aliyemjua mtu kwa jina na kabila aliweza kumficha, na aliweza pia kumwonyesha. Mapatano ya viongozi yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari. Wengine walirudi makwao wasionekane tena. Wengine walirudi Karagita na kuanza upya mara ya pili, jambo lililo gumu kuliko kuanza mara ya kwanza.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yasema wazi katika kifungu cha 39 ya kuwa kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali po pote katika Kenya. Hayo ni maneno mema. Hata hivyo karatasi haibishi hodi kwa jirani usiku, wala haimwuguzi mgonjwa. Karagita karibu kila mtu ni mgeni, na kwa hiyo ujirani hapo haukurithiwa kwa baba. Hapana budi utengenezwe kwa mikono, kama ukuta.

Basi, aendaye peke yake na afanye haya. Kabla ya kuondoka, atafute jina la mtu mmoja aliyeko huko, na ampelekee habari ya kuja kwake. Achukue kitambulisho na vyeti vyake, na nakala zake aziache nyumbani. Awe na nauli ya kurudi, asiiguse hata akilala njaa siku moja; maana mwenye njia ya kurudi hakubali kila kazi wala kila udhalimu. Afikapo, ajiunge na chama cha watu wa kwao, ambao huchanga kumsafirisha maiti hadi kaburi la baba zake. Lakini asiishie hapo. Aingie pia katika chama cha akiba cha majirani wa lugha nyingine, aende mazishini kwao na harusini kwao. Atumapo fedha nyumbani kwa simu, atume na maneno pia, ili mama yake ajue anaishi na nani.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee walipotamka hivyo hawakutaka kumfukuza mgeni, bali walitaka kumwingiza shambani pamoja na wenyeji. Mtu huweza kusafiri peke yake kutoka mpakani hadi ziwani, na hilo si aibu. Lakini hakuna aanzaye peke yake. Atakayemfungulia mlango leo ndiye atakayemwita shahidi kesho, na siku ikifika ambayo kijana mwingine, mwenye mfuko mmoja na shuka jepesi, atasimama kando ya barabara ya ziwa akiulizwa ni nani amjuaye, itampasa yule wa kwanza ajitokeze na kujibu: "Mimi namjua."