Nyimbo za Kongo zinasafishwa Ulaya, huku za Masisi na Walikale zinazikwa na wazee

Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa, ya Ujerumani, ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Verckys na orchestre Vévé, za kati ya mwaka 1969 na 1978. Rekodi za zamani zilisafishwa, makelele yakapunguzwa, sauti ya saksofoni na ya gitaa ikatoka wazi. Kwenye jalada waliandika kwamba humo mna rumba ya saikedeliki. Muziki ni wa Kongo, lakini kijana wa Nyabiondo, Kitchanga au Pinga hajui hata kwamba upo.

Neno hilo lisitishe mtu. Rock ya saikedeliki ilianzia Marekani na Uingereza katika miaka ya 1960. Wapigaji kama Jimi Hendrix walichukua gitaa la umeme, wakalikwaruzisha sauti kwa makusudi, wakaongeza mwangwi, na wimbo mmoja ukaenda dakika nyingi mpaka msikilizaji akahisi yuko kwenye ndoto. Kinshasa iliusikia muziki huo ikautia ndani ya rumba. Verckys, jina lake kamili Georges Kiamuangana Mateta, alikuwa mpiga saksofoni wa OK Jazz ya Franco. Mwaka 1969 aliacha kazi hiyo, akaunda Vévé yake, kisha akawa mtoaji wa santuri za vijana wengine kama Bella Bella na Lipua-Lipua. Alifariki mwaka 2022.

Jirani Zambia nako kuna funzo. Katika miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza redio zipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95. Vijana wa miji ya shaba walikuwa tayari na magitaa ya umeme, wakatengeneza rock yao iitwayo Zamrock. Baadaye shaba ilishuka bei, nchi ikaingia katika umaskini, ukimwi ukaua wanamuziki wengi, na watu wakausahau muziki huo. Emmanuel Chanda, anayeitwa Jagari, mwimbaji wa kundi la WITCH, aliishia kuchimba mawe ya thamani. Wachimbaji wa Walikale wanaelewa maisha hayo bila kufafanuliwa. Lakini kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizisafisha rekodi zake, ikatoa pia mikusanyo ya Welcome to Zamrock! mwaka 2017, na mzee huyo akarudi jukwaani hadi Ulaya.

Sasa swali liulizwe waziwazi. Kwa nini muziki wa Afrika ungoje mgeni aje kuupangusa vumbi ndipo wenyewe wajue una thamani? Jibu ni kwamba hapa hakuna anayeutunza. Mgeni hakuiba kitu alichokikuta kimetupwa. Lakini anapokiuza, haki inataka alipe waliokipiga au watoto wao, na nakala irudi bure kwenye redio za nchi kilikotoka. Santuri inayopatikana Paris na isiyosikika Sake bado haijarudi nyumbani.

Lawama nyingine inabaki hapa hapa. Redio nyingi za jamii huishi kwa matangazo ya mashirika na salamu za kulipia. Saa zinazobaki hujazwa na nyimbo zilizotoka juzi, zilizonakiliwa kutoka simu moja hadi nyingine. Mzee mwenye kupiga likembe hapewi hata dakika kumi. Na wahubiri wengine wanamwambia kwamba muziki wa mababu ni wa mashetani, kana kwamba gitaa la kanisani lilishuka kutoka mbinguni.

Walikale ina ushahidi wake. Mwaka 1956 Candi Rureke, Mnyanga, aliimba na kusimulia habari za Mwindo kwa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji. Biebuyck na Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga, waliitoa kama kitabu huko California mwaka 1969. Leo wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanamsoma Mwindo. Mtoto Mnyanga anayelala chini ya hema anaweza kumaliza shule ya msingi bila kulisikia jina hilo. Na Rureke alikuwa mmoja tu. Wangapi wamekufa bila mtu kuwawekea simu mbele ya mdomo?

Wapo watakaosema: watu wanakosa unga, risasi zinalia, ninyi mnaleta habari za magitaa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haisimami. Mkimbizi wa ndani ameacha shamba, ng'ombe na nyumba. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa, wengi waliacha hata turubai. Kilichobaki kwao ni kile walichobeba kichwani, na nyimbo zimo. Mzee akifia njiani kati ya Masisi na Minova, mashirika hayawezi kugawa wimbo wake tena kama wanavyogawa unga. Zaidi ya hayo, kazi hii haili chakula cha mtu yeyote. Simu zipo.

Basi yafanyike haya. Kila redio ya Masisi na Walikale itenge saa moja kwa juma kwa muziki wa zamani: Vévé, OK Jazz, Zamrock, pamoja na nyimbo za Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakumu, Wahutu, Watutsi na kila kabila linaloishi hapa, maana vita vimefundisha watu kuchukia hata lugha ya jirani. Wazee warekodiwe kwa majina yao na kwa ruhusa yao. Nakala zisiwe chini ya tatu, na zisilale katika mji mmoja, kwa sababu redio za huku zimekwisha kuporwa zaidi ya mara moja, na mwizi wa ordinateri hachagui kilichomo.

Sauti ya Verckys iliweza kusafishwa kwa sababu mtu aliirekodi kwanza. Ile ambayo haikurekodiwa, hakuna mashine ya Ulaya wala ya Marekani itakayoirudisha.