HIVI NANI ALIUITA UCHAFU?

Huku kampasi kazi za vikundi zimetubana, bumu limekata siku nyingi na watu wanakula chips kavu kwa kupeana zamu. Lakini leo siandiki habari za bumu. Leo kuna mada ya wakubwa, na kaka zangu msikimbie, yenu iko huko mbele.

Nina ugomvi na neno moja: uchafu. Nenda zahanati, sikiliza redio, fungua matangazo ya dawa kwenye WhatsApp, kote utakuta "kutokwa na uchafu ukeni". Mimi nasoma Kiswahili, si daktari, kwa hiyo ugomvi wangu unaanzia kwenye lugha. Ila nimesoma vya kutosha na kuuliza wanaojua, na nasema neno hili linatuumiza kwa pande mbili. Mzima linamfanya ajitibu asichoumwa, na mgonjwa linamfunga mdomo.

Tuanze na mzima. Uke wa mwanamke aliyevunja ungo unatoa ute karibu kila siku. Wastani ni kama mililita 1 hadi 4 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Ute huo unatoka na seli zilizokufa, na ndani yake wamo bakteria wazuri wanaotengeneza asidi. Ndiyo sababu una uchachu, kwenye kipimo cha pH ni kati ya 3.8 na 4.5, jirani kabisa na nyanya. Uchachu huo ndio mlinzi wa geti, wadudu wengi wabaya hawauwezi. Sasa wewe unamuita mlinzi uchafu halafu unamfukuza kwa sabuni!

Tena ute haukai namna moja mwezi mzima, na hapa ndipo wengi wanashtuka. Ukimaliza hedhi unakuwa mchache, siku nyingine hakuna kitu. Ukikaribia katikati ya mwezi wako, yai linapotaka kutoka, unakuwa mwingi, mwangavu, unateleza na ukiushika kwa vidole viwili unavutika. Unafanana kabisa na ute wa yai. Na hebu angalia Kiswahili kilivyo na akili, kote kuwili tunasema ute! Yai likishatoka unakuwa mzito, mweupe kama maziwa, hadi hedhi nyingine. Ukiwa na hamu unaongezeka, ukiwa na mimba unaongezeka, na njia za uzazi wa mpango zenye homoni zinaweza kuubadilisha pia. Kamusi zetu zina hata neno lake la zamani, utoko. Bibi zetu walikuwa na jina la kitu hiki bila kukitukana, sisi wasomi tukakiita takataka.

Kingine, chupi. Ute ukikauka kwenye nguo unaacha alama ya njano hafifu. Na ile asidi niliyoisema inachujua rangi, ndiyo maana chupi nyeusi ikivaliwa miezi inapata doa la rangi ya chungwa pale katikati. Nimeona watu wanatupa chupi nzima wakidhani wana ugonjwa. Ni asidi tu, shoga yangu. Fua, anika juani, vaa.

Lakini mtu akishaaminishwa kwamba anatoa uchafu, atafanya nini kama si kusafisha? Hapo ndipo biashara inapoingia. Koridoni kwetu tu nimeshaona vidonge vya kuweka ukeni vya "kutoa sumu", sijui sabuni ya kubana, shabu, maji ya limao, kitunguu saumu, udi wa kujifukiza, na dawa ya kuulia vijidudu ile ile tunayopigia deki bafuni. Mtu bumu limekata, hela ya kalamu hana, ila elfu ishirini ya vidonge anayo. Wengine tumefundwa tangu nyumbani kwamba msichana safi anaingiza kidole ndani na sabuni. Sitaki kuwavunjia heshima makungwi, kuna mengi mazuri wanafundisha na angalau wao wanaongea. Ila hili la sabuni ndani, hapana. Uke unajisafisha wenyewe, nje panatosha maji. Kule Mombasa watafiti waliwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwa miaka kumi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2006 yalionyesha kwamba wanaojiosha ndani walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata VVU kuliko wasiojiosha, na wanaotumia sabuni zaidi ya wanaotumia maji matupu. Unafukuza mlinzi, mwizi anaingia. Halafu kujiosha kunaleta harufu, harufu inaongeza kujiosha, unazunguka hapo hapo mwaka mzima.

Sasa upande wa pili, mgonjwa, ambao ndio umenifanya niandike. Zahanati zetu nyingi hazina maabara ya kupima kila kitu, kwa hiyo mara nyingi unatibiwa kwa dalili ulizozieleza. Maana yake nini? Maana yake maneno yako ndiyo kipimo. Sasa nesi anakuuliza mbele ya foleni, "unatokwa na uchafu?" Nani atasema ndiyo? Unasema "hapana, tumbo tu", unaandikiwa U.T.I., unaondoka. Siku hizi kila kitu ni U.T.I. huku chuoni, hata aliyechoka mtihani. Na asiyesema U.T.I. anasema fangasi. Kuna dada mmoja ninayemfahamu, ametumia dawa za fangasi karibu semista nzima, ananunua mwenyewe duka la dawa. Alipokuja kuchukuliwa ute kwa pamba na kutazamwa kwenye hadubini, hapakuwa na fangasi hata kidogo, ilikuwa trikomonasi. Wala si yeye peke yake. Marekani mwaka 2002 walichapisha utafiti wa wanawake 95 waliojinunulia dawa za fangasi dukani, wakapimwa. Waliokuwa na fangasi kweli ni kama theluthi moja tu!

Basi tujifunze kutofautisha, si ili tujitibu bali ili tujue la kumwambia daktari. Fangasi inawasha, inawasha kweli hadi usingizi unakosa, na ute wake ni mweupe wa mabongemabonge kama mtindi ulioganda, ila kwa kawaida haunuki sana. Inapenda kuja baada ya kutumia antibayotiki, kwa wajawazito na kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa. Haina uhusiano na umalaya, naomba hilo liishe. Kama ni shombo, yaani ile harufu ya samaki hasa baada ya tendo, na ute mwepesi wa kijivujivu, mara nyingi ni bakteria wazuri wamepungua na wengine wamejaa. Hii ndiyo inayotokea zaidi, na fangasi siyo, kwa hiyo dawa ya fangasi haitakusaidia chochote. Trikomonasi inaweza kuleta ute wa njano au kijani, pengine wenye povu, na huo unaambukizwa kwa ngono. Kisonono na klamidia ndio wajanja, kwa wanawake wengi hawaonyeshi dalili yoyote huku wanapanda juu kuharibu mirija ya uzazi. Ukisubiri uone "uchafu" ndipo ukapime, utasubiri sana. Na haya magonjwa yanaingiliana dalili, kwa macho tu hata daktari anaweza kukosea.

Kaka zangu, zamu yenu. Kwanza acheni kumtangaza mtu "ananuka shombo" kwenye magrupu yenu. Trikomonasi kwa mwanaume mara nyingi haina dalili, kwa hiyo huyo unayemcheka huenda wewe ndiye uliyempelekea. Yule dada niliyemtaja alitibiwa akapona, akaambukizwa tena, manake bwana alikataa kumeza dawa, eti "mimi siumwi". Hata ile ya shombo, ambayo miaka yote tuliambiwa ni ya mwanamke peke yake, mambo yanabadilika. Machi 2025 watafiti wa Australia walichapisha matokeo yao: wanawake waliotibiwa peke yao, asilimia 63 tatizo lilirudi ndani ya wiki 12. Waliotibiwa pamoja na wenzi wao, asilimia 35. Kwa hiyo ukiambiwa twende wote hospitali, vaa viatu.

Najua kuna watakaosema mada hii ni aibu kuandikwa, tena na mtoto wa kike. Hewala. Lakini vidonge vya elfu ishirini vinatangazwa hadharani na hakuna anayeona aibu, kwa nini aibu ianze mtu akisema usinunue?

Ninachotaka ni kidogo. Kwenye zahanati za vyuo waache kuuliza "unatokwa na uchafu?" Waulize "ute wako umebadilika?" Na wakuulizie ndani mlango ukiwa umefungwa. Hilo ni swali ambalo hata mimi mwenye haya ningelijibu, manake kila mtu anaujua wa kwake, na mabadiliko ndiyo yenye habari: rangi, harufu, kuwasha, maumivu. Na kama kuna maumivu chini ya kitovu, homa, damu isiyo ya hedhi au baada ya tendo, au una mimba, usilale nayo, nenda siku hiyo hiyo. Usijisafishe ndani kabla ya kwenda, utakuwa umemwaga kile anachotaka kukipima. Akikuuliza umeze dawa gani tayari, mtajie zote, hata zile za koridoni.