Diski Ikisita, Okoa Amana Kwanza



Miongoni mwa barua zilizotufikia imo ya dada yetu aliyeolewa Timboroa, kule juu kwenye njia ya reli iendayo Eldoret. Diski yake ya nje imebeba picha za arusi, darsa za marehemu babake na sauti ya nyanyake akisimulia nasaba ya ukoo. Zamani kunakili faili kulichukua dakika chache. Sasa hungoja usiku kucha, kisha kompyuta humwambia kwamba diski haijibu. Auliza: je, ni mwinuko wa mahali?

Swali hili lina msingi. Ndani ya diski yenye sahani zinazozunguka, kichwa cha kusomea hakigusi sahani, bali huelea juu ya utando mwembamba wa hewa. Hewa ikiwa hafifu mno, kichwa hushuka. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huweka mpaka wa takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700: karibu na mpaka, lakini ndani yake. Basi tusiutwike mlima lawama kabla ya kuchunguza yaliyo mkononi.

La kwanza ni waya na tundu. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, hivyo gigabaiti 100 hukaribia saa nzima. Diski hiyohiyo katika tundu la USB 3.0, ambalo aghalabu lina rangi ya buluu ndani, yaweza kufikisha megabaiti 100, na kazi ikaisha kwa chini ya dakika 20. Waya uliolegea, au umeme usiotosha, hukata mawasiliano ghafla. Tena, maelfu ya picha ndogondogo huenda polepole kuliko filamu moja kubwa. Huo si ugonjwa.

Ikiwa waya mwingine na tundu jingine havikufaa, basi kusita huko ni onyo. Diski ikikuta mahali palipoharibika hujaribu kusoma tena na tena. Kompyuta huisubiri kwa muda wake, kisha hukata tamaa. Hapo wengi hukimbilia programu za kurekebisha diski. Si vyema: programu hizo huichosha diski iliyo dhaifu, na huweza kubadili yaliyoandikwa.

Twamnasihi dada yetu, nanyi nyote: okoeni kwanza, tengenezeni baadaye. Anakili folda moja baada ya nyingine, aanze na kisichopatikana tena. Sauti ya nyanya itangulie. Filamu za dukani zingoje. Akisikia diski ikigongagonga, aizime papo hapo, asiiwashe tena, aipeleke kwa fundi wa kuokoa data.

Akishavuka salama, aweke nakala mbili: moja ibaki kwake, ya pili ikae kwa jamaa huku pwani. Diski hununuliwa, sauti ya aliyetangulia mbele ya haki hainunuliwi. Hiyo ni amana ya watoto ambao bado hawajazaliwa, na mwenye amana haachi kuitunza mpaka ipotee.

Wabillahi tawfiq.